Kura iliyoamua namna Linux inavyowaka

Zaidi ya miaka 10 imepita tangu Februari 11, 2014, siku Bdale Garbee, mwenyekiti wa Kamati ya Ufundi ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, alipotumia kura yake ya uamuzi kukata mzizi wa fitina. Kura zilikuwa zimelingana, 4 kwa 4. Ugomvi ulikuwa juu ya programu ya kwanza kuamka Linux inapowashwa, ile inayoziamsha nyingine zote.

Kwa mtindo wa Unix ya System V, iliyotoka 1983, huduma ziliwashwa kwa skripti zenye namba, ndogo ikitangulia. Mwaka 2006 Ubuntu, toleo jingine la Linux, ikaleta Upstart. Aprili 2010 Lennart Poettering akatangaza systemd, aliyoibuni pamoja na Kay Sievers: huduma ziwake sambamba, kila moja ikitaja inachokitegemea.

Ndani ya Debian, systemd na Upstart zikakabana koo. Baada ya kura ya Garbee kuipa systemd ushindi, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, mwanzilishi wa Ubuntu, alikubali kushindwa na kuiacha Upstart. Huo ulikuwa uungwana. Lakini Debian kwenyewe hakukutulia. Ian Jackson, mjumbe wa kamati hiyo, alitaka programu zisifungwe kwa mfumo mmoja wa kuwashia. Novemba hoja yake ikashindwa kwa kura za wanachama, naye akajiuzulu kwenye kamati. Joey Hess, mchangiaji wa miaka mingi, pia aliuaga mradi. Wengine wakajitenga na kuunda Devuan.

Debian 8 ilipotoka Aprili 2015, wasimamizi wa seva waliipata joto ya jiwe. Diski iliyoandikwa kwenye /etc/fstab lakini haipo, mfumo wa zamani uliipita tu. Systemd huingoja sekunde 90, kisha huingia hali ya dharura na kudai nywila ya root, hata seva ikiwa mji mwingine. Dawa ni neno moja kwenye mstari wa diski hiyo: nofail.

Mwaka 2023 wasanidi wa systemd walitangaza kuwa usaidizi wa skripti za System V ungeondolewa.

Kinachoniuma ni kwamba bado tuna mafundi wanaoweka «sleep 30», yaani kusubiri sekunde 30, ili hifadhidata isubiri diski. Siku diski ikichelewa zaidi, hifadhidata huandika kwenye saraka tupu, na diski ikishapachikwa, data hizo hufunikwa zisionekane. RequiresMountsFor ya systemd, ikifuatwa na njia ya saraka, huizuia huduma isiwake kabla ya diski yake. Vyuo vyetu viifundishe wiki ya kwanza ya somo la seva.