Mafuta Juu ya Maji

Wasikilizaji wetu, kila mtu ajua ya kuwa mafuta na maji hayapatani. Lakini sababu yake ni nini? Leo twataka kueleza jinsi sababu hiyo ilivyotafutwa hata ikajulikana.

Mwaka 1774 Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa akikaa London, alitangaza habari za jaribio lake katika kidimbwi cha Clapham. Siku hiyo palikuwa na upepo na viwimbi. Alimimina mafuta yasiyozidi kijiko cha chai, nayo yakatanda kadiri ya nusu eka, maji yakatulia kama kioo. Lakini unene wa utando ule hakuupima.

Ikapita zaidi ya miaka mia. Katika mji wa Braunschweig, Ujerumani, alikuwako binti mmoja, Agnes Pockels. Siku zile vyuo vikuu vya nchi yake havikupokea wanawake, naye alikuwa na kazi ya kuwatunza wazazi wake. Hata hivyo alitengeneza chombo cha bati, akakijaza maji, akausogeza utando wa mafuta kwa ukanda wa bati, huku akipima nguvu ya uso wa maji. Mwaka 1891 alimwandikia Lord Rayleigh wa Uingereza. Bwana yule hakuidharau barua. Aliipeleka ikapigwa chapa katika gazeti la Nature.

Mwaka 1917 Irving Langmuir wa Marekani, akitumia chombo cha namna ile ile, alieleza siri yenyewe. Molekuli ya asidi ya mafuta ina kichwa na mkia. Kichwani mna oksijeni, ambayo huvuta umeme upande wake, hata upande mmoja ukawa hasi na mwingine chanya. Maji nayo yako hivyo, kwa hiyo hukivuta kichwa kile. Mkia ni kaboni na haidrojeni tu, ambazo hugawana umeme karibu sawasawa. Maji hayana pa kuushika.

Na ushahidi? Langmuir alipima asidi zenye kaboni 16, 18 na 26. Ijapokuwa mikia ilipitana kwa urefu, kila molekuli ilichukua nafasi karibu ile ile juu ya maji. Maana yake zilikuwa zimesimama wima, vichwa majini na mikia hewani, kama mabua shambani. Tena mafuta safi ya madini, yasiyo na kichwa, hayatandi, hubaki tone.

Ndiyo sababu sabuni huondoa uchafu: mkia wake hushika mafuta, kichwa chake hushikwa na maji, na vyote huchukuliwa pamoja.

Mwaka 1932 Langmuir alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka huo huo chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa Bibi Pockels, aliyekuwa na umri wa miaka 70, shahada ya heshima ya udaktari. Basi tusidharau maswali yazaliwayo jikoni.