Upeo wa Mwendo

Mwulize dereva wa Land Cruiser gari lake laweza kwenda kiasi gani, naye aghalabu hatakujibu kwa kilomita, bali kwa jina la mji: "Nikijaza hapa Dar es Salaam, Mbeya naingia." Jawabu hilo fupi limekusanya maana yote ya kile ambacho Waingereza hukiita range, yaani mwisho wa mwendo ambao chombo chaweza kuufikia kwa mafuta yaliyomo tangini, kabla hakijahitaji kujazwa tena.

Magazeti yetu yamekwisha kulifasiri neno hilo kwa kusema masafa, kama tusomavyo habari za makombora ya masafa marefu, nami sina ugomvi na masafa, kwani ni neno la Kiarabu lililokaa pwani muda mrefu hata likawa letu. Walakini masafa ni nafasi iliyopo baina ya mahali pawili. Ya Dar es Salaam na Mbeya huzidi kilomita 800, nayo hayaongezeki wala hayapungui, uende kwa gari au kwa miguu. Kile tunachokitafutia jina hubadilika kila siku. Kwa sababu hiyo nachagua upeo, kwa kuufuata upeo wa macho, ambao mabaharia waujua vyema kwamba si mmoja kwa watu wote: aliyepanda mlingotini huona mbali kuliko aliyesimama sitahani, ilhali bahari ni ile ile.

Tutazame Land Cruiser ya namna ya 78, iliyouzwa Australia kwa miaka mingi ikiwa na matangi mawili ya lita 90 kila moja. Ujazo wake, basi, ni lita 180. Gari hilo likinywa lita 12 za dizeli kwa kila kilomita 100, upeo wake ni kilomita 1,500; lakini likiingia katika mchanga, likawa lanywa lita 20, upeo ule hurudi nyuma hadi kilomita 900, na tangi halikutoboka wala halikupunguzwa. Ndiyo maana wasafiri wa Canning Stock Route, njia ya kale ya kuswagia ng'ombe ipitayo jangwani takriban kilomita 1,850 kutoka Wiluna hadi Halls Creek, hufanya hesabu zao kwa mchanga, si kwa lami.

Fauka ya hayo, mafuta yana uzito. Lita 180 za dizeli hukaribia kilo 150, na tangi la ziada likifungwa nyuma ya ekseli, springi za nyuma hulala na pua ya gari huinuka, na mzigo uliokusudiwa kupakiwa hauna budi kupunguzwa. Kwa hiyo kuongeza ujazo si kuongeza upeo kwa kadiri ile ile. Nimesema tangi la ziada, wala sikusema la akiba, maana akiba ni yale mafuta machache ya mwisho, ambayo madereva huyaita rizavu, taa ikishawaka.

Wako wasiotaka tangi jingine, wakatosheka na madumu. Katika vita vya jangwa la Afrika ya Kaskazini Waingereza walichukua petroli katika makopo membamba ya galoni nne, kadiri ya debe letu, yakawa yanavuja njiani, hata walipoteka makopo madhubuti ya Wajerumani ya lita 20 wakayaiga, wakayapa jina kutokana na lakabu waliyomwitia adui. Nasi tukalipokea jina hilo, tukasema jerikeni, bila ya kujua kwamba twataja vita vya watu.

Atakayeandika kitabu cha udereva kwa lugha yetu, namsihi aandike upeo wa mwendo, na masafa ayaache barabarani yalipo, baina ya sheli na sheli.