Chumvi Haiyeyuki Majini

Tia kijiko cha chumvi kwenye glasi ya maji, koroga, kisha muulize mwanafunzi wa darasa la sita chumvi imekuwaje. Atakujibu bila kusita: imeyeyuka. Barafu juani nayo huyeyuka, samli kikaangoni huyeyuka, na mtu uliyemkopesha hela huyeyuka vilevile. Mtaani tunaelewana. Kwenye kemia kitenzi hiki kinaleta tabu.

Kuyeyuka, kwa lugha ya maabara, ni kazi ya joto: kitu kigumu kinageuka kioevu bila kuhitaji mwenzake. Barafu hufanya hivyo kwenye nyuzi 0 za sentigredi. Chumvi ya mezani husubiri hadi nyuzi 801, na kabla hujafika huko sufuria yako ya alumini itakuwa imeshageuka uji, maana alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kilichotokea glasini ni kingine kabisa. Molekuli za maji zimezizingira ioni za sodiamu na za kloridi, zikazibandua kutoka kwenye punje na kuzitawanya.

Kwa tendo hilo istilahi ninayoipenda ni kumumunyika, na zao lake mmumunyo. Asili yake ni mdomoni: anayemumunya pipi haitafuni, anaiacha iishe taratibu kwa mate. Na mate hayana moto. Vitabu vingine huandika myeyusho. Neno limeshazoeleka, ila linamrudisha mwanafunzi kule kule kwenye barafu na samli.

Joto lina msaada wake, ndiyo maana sukari huwahi kupotea kwenye chai na hukaidi kwenye juisi baridi. Kwa chumvi, hata hivyo, joto huongeza kasi kuliko kiasi. Gramu 100 za maji hupokea takribani gramu 36 tu. Ukizidisha, inayobaki hutulia chini hata ukoroge hadi magharibi.

Lakini kinachonikera zaidi ni yule mkopaji. Kwa kuwa kuyeyuka ni kutoweka pia, mwanafunzi huamini chumvi imekwisha. Mpe mizani: maji gramu 100, chumvi gramu 10, mmumunyo gramu 110. Watu wa Uvinza, kule Kigoma, hawakuhitaji mizani. Karne nyingi zilizopita walichemsha maji ya chemchemi zao za chumvi vyunguni, mvuke ukaenda zake, wakakwangua chumvi.