Kibao cha Kikorongo: Historia Fupi ya Kusogeza Tawi

Anayetoka Kasese kwenda kusini hukuta njia panda pale Kikorongo. Barabara moja inaendelea hadi Katunguru na Mbarara. Nyingine inakata kulia kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe, na malori ya Congo hufuata hiyo. Tuseme mtu akigeuze kibao cha pale usiku. Barabara zote mbili zitabaki mahali pake, lami ileile, ila dereva mgeni atapotea. Mjomba wangu aliponiuliza ninasoma nini hasa kwenye kompyuta, mfano huu ndio uliomwelea.

Git ni programu ya kutunza matoleo ya kazi. Kila toleo hupata alama yake ya herufi na tarakimu 40, na kila toleo linamtaja mzazi wake, hivyo ukilishika la mwisho unaweza kurudi nyuma hadi la kwanza. Watu wengi hudhani tawi ni nakala nzima ya kazi. Sivyo. Tawi ni rejeleo, aghalabu faili dogo lenye alama moja tu, ile ya toleo la mwisho. Ndicho kibao chetu. Ukikigeuza vibaya, matoleo hayafutiki siku hiyohiyo, lakini hakuna tena kinachoelekeza kwake.

Wazee wa kazi hii hawakuanza na tatizo hilo. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs alitengeneza SCCS, na miaka kumi hivi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS. Njia yao ilikuwa kufuli: anayetaka kuhariri faili analifunga, wenzake wanangoja. Ilikuwa salama, ila aliyefunga akisahau kufungua, kazi ya wote inalala. Mwaka 1986 Dick Grune, mwalimu wa chuo kikuu huko Amsterdam, alitoa CVS kwa sababu yeye na wanafunzi wake wawili walikuwa na ratiba tofauti na hawakutaka kungojana. Kuanzia hapo watu wengi waliweza kuhariri pamoja na kuunganisha baadaye.

Git yenyewe ilizaliwa Aprili 2005, Linus Torvalds na wenzake wa Linux walipokosa ruhusa ya kuendelea kutumia BitKeeper bila malipo. Humo kila mtu ana historia yote kwenye mashine yake, na matoleo mapya huongezwa bila kugusa ya zamani. Ugomvi wote ukabaki penye kibao: nani akisogeze, na lini?

Jibu lilipatikana mwaka huohuo katika amri ya update-ref. Unaipa jina la tawi, alama mpya, na ukitaka usalama, alama ya zamani unayoamini ingali pale. Kwanza inaunda faili la kufuli kando ya rejeleo, na mfumo wa kompyuta huruhusu mmoja tu kuliunda. Kisha inasoma rejeleo. Alama ikiwa ni ileile uliyoitaja, mpya inaandikwa ndani ya kufuli, na kufuli linabadilishwa jina kuwa rejeleo lenyewe, kwa mkupuo mmoja. Anayesoma wakati huo ataona ya zamani au mpya, kamwe si nusu. Alama ikiwa nyingine, inakataa. Wazo hili ni la kale kuliko Git: vichakato vya IBM System/370 vilikuwa na amri ya kulinganisha-kisha-kubadilisha tangu miaka ya 1970. Tofauti na RCS, hapa kufuli hudumu chini ya sekunde, na hakuna mtu anayelisahau mfukoni.

Mwaka 2006 ikaongezwa reflog, daftari linaloandika kila mahali rejeleo lilipopita.

Lakini yote hayo yalilinda mashine ya mtu mmoja kuliko yalivyolinda kazi ya kundi. Ukituma kazi kwenye seva, Git hukataa kama utafuta ya mwenzako, isipokuwa ukilazimisha. Tarehe 10 Novemba 2013, Jumapili, msanidi mmoja wa mradi wa Jenkins aliwasha programu ya Gerrit ikiwa na mipangilio mibaya. Ikalazimisha nakala zake za miezi miwili nyuma juu ya hazina 186 za mradi. Hakuna aliyefuta kitu; vibao 186 viligeuzwa tu. Iliwabidi wasaidiwe na GitHub, ambao walikuwa na kumbukumbu za alama za zamani, kuvirudisha.

Mwezi huohuo Git 1.8.5 ilitoka na njia ya kulazimisha kwa masharti, --force-with-lease. Ilikuwa imeandaliwa kabla, haikuwa jibu la ajali ile. Inamwambia seva: sogeza, iwapo tu tawi lingali pale nilipoliona mara ya mwisho. Ni swali lile la update-ref, sasa likiulizwa kupitia mtandao. Ina tundu moja: kihariri chako kikichukua habari za seva kimyakimya, Git itadhani umeziona. Toleo la 2.30 la mwaka 2020 liliongeza chaguo la kuliziba.

Mimi nililazimisha bila masharti. Nilikuwa na dada mmoja wa Bwera, tukikusanya orodha ya maneno ya Kikonzo na Kiswahili. Yeye alikuwa akiandikia kwenye kompyuta ya kukodi, anatuma, kisha anafuta. Nilichukua fungu lake la kwanza. Wiki iliyofuata nikaona nimeweka faili lisilotakiwa, nikarudisha tawi langu nyuma, nikasafisha, nikalazimisha. Kumbe alikuwa ametuma fungu la pili asubuhi ileile.

Fungu la kwanza nililipata kwenye reflog yangu jioni hiyo, neno kwa neno. La pili halijawahi kufika kwangu, kwake lilishafutwa, na waliosimamia seva hawakuweza kulitoa. Lilikuwa na majina ya vipimo vya sokoni, aliyopewa na mzee mmoja aliyekuwa akivuka kutoka Kasindi siku za soko.

"Sasa kaka, ungeniuliza tu," aliniambia kwenye simu. Nilimwambia programu ingemuuliza kwa niaba yangu kama ningeiandikia maneno machache zaidi. Hilo halikumsaidia. Siku ya soko iliyofuata tulishuka Mpondwe pamoja. Mzee hakuwapo. Mwanamke muuza maharage alitupa majina matatu, akasema mengine tumuulize mzee mwenyewe, na tukayaandika kwenye daftari la karatasi kwanza.