Mchungaji Aliyetaka Kujificha

Kijana mmoja anayejitayarisha kwa kazi ya uchungaji aliniuliza hivi: "Mzee, mchungaji aongoze watu kwa njia gani, na njia hiyo ataipata wapi?" Nilimwambia aketi, kisha nikampeleka mbali sana, mpaka mji wa Roma, mwaka wa 590.

Mwaka uliotangulia mto Tiber ulikuwa umefurika na kuharibu maghala ya nafaka ya kanisa. Baada ya mafuriko ikaingia tauni. Askofu wa Roma, Pelagio wa Pili, akafa kwa tauni hiyo, na watu wakamchagua shemasi mmoja aitwaye Gregori ashike mahali pake. Huyu Gregori alikuwa mtoto wa nyumba kubwa, na zamani alikuwa mkuu wa mji wote. Akayaacha hayo, akaigeuza nyumba ya baba yake kuwa makao ya watawa, naye akawa mmoja wao. Alipenda kimya na sala. Basi aliposikia amechaguliwa, alimwandikia Kaisari Mauriki akimsihi asikubali uchaguzi huo. Barua hiyo ilizuiliwa njiani. Tarehe 3 Septemba 590 akawekwa wakfu.

Labda mwingine anasema, "Sisi si watu wa Papa, ya nini kutuletea habari hizi?" Ndugu yangu, hata Yohana Calvin, aliyewapinga sana mapapa wa siku zake, alimtaja Gregori kwa heshima. Sikiliza tu.

Askofu mwenzake, Yohana wa Ravenna, alimkemea kwa upendo kwa sababu alitaka kuukimbia mzigo kwa kujificha. Gregori hakukasirika. Alimjibu kwa kumwandikia kitabu kizima, kiitwacho Kanuni ya Uchungaji. Yaani alikaa chini, mambo ya hatari yakiwa yamemzunguka, akajiuliza: Kazi hii ni nini? Nani anafaa kuishika? Aishije? Afundisheje?

Jambo la kwanza analouliza ni moyo wa mtu anayeitaka kazi. Anasema kuiponya roho kunahitaji ujuzi mwingi, kwa maana vidonda vya moyo vimefichika kuliko vya mwili. Kwetu hapa hakuna athubutuye kumchoma mgonjwa sindano bila kusomea, lakini kuongoza roho za watu, kila mtu anajiona mganga! Halafu analishika lile neno la Paulo katika 1 Timotheo 3:1, ambalo wengi hulitumia kutetea tamaa yao ya cheo. Gregori anatukumbusha kwamba siku zile askofu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukamatwa na kuteswa. Aliyetamani uaskofu wakati huo alitamani mateso. Je, mwenye kutafuta kura za kiti cha kanisa leo angekitafuta kama kingekuwa mlango wa gereza?

Wala hamsifu kila anayekataa. Anawaweka Isaya na Yeremia kando kwa kando: mmoja alisema atakwenda, mwingine aliogopa kwenda. Wote wawili, asema, walisukumwa na upendo. Isaya kwa kutaka kuwafaa jirani zake, Yeremia kwa kutaka kubaki karibu na Mungu. Lakini Yeremia alipotumwa hakushupaza shingo. Nafikiri hapo Gregori alikuwa akijihubiria mwenyewe.

Sehemu iliyo ndefu kuliko zote ni ile ya kufundisha. Anataja namna za watu zaidi ya thelathini, mbili mbili: maskini na matajiri, wenye furaha na wenye huzuni, watumwa na mabwana, wanyamavu na wasemaji sana. Anasema mluzi mwororo hutuliza farasi, lakini huwachochea watoto wa mbwa. Na kwa kumwonya mkubwa anamtaja Nathani, ambaye hakumrukia Daudi kwa makemeo, bali alimpa kisa kwanza ili ajihukumu mwenyewe.

Niliposoma hayo niliona haya. Zamani nilipokuwa mchungaji mpya nilimkemea mama mjane kwa kukosa ibada, kwa maneno yale yale niliyomwambia mlevi wa kijiji asubuhi ile. Kumbe mama alikuwa hana nguo ya kuvaa kanisani. Mluzi mmoja kwa wote.

Kitabu hakikubaki karatasi tu. Mwaka 593 Walombardi waliuzingira mji. Gregori alikuwa akihubiri kitabu cha Ezekieli, akaacha, kwa sababu watu walikuwa wakirudi mjini wamekatwa mikono. Alitoa mali ili adui aondoke, na wakubwa wa serikali kule Ravenna hawakupendezwa naye. Aliwalisha maskini na wakimbizi. Tumbo na miguu vilimwuma miaka mingi, hata mara nyingine hakuweza kutoka kitandani, naye akaongoza kwa barua. Alipoona askofu wa Konstantinopoli akitumia jina la askofu wa ulimwengu wote alilipinga, na yeye mwenyewe akajiandika mtumishi wa watumishi wa Mungu. Alifariki tarehe 12 Machi 604.

Sehemu ya nne ya kitabu chake ni fupi mno, kurasa chache tu. Hapo anamwonya mchungaji aliyefanya yote vizuri, asije akajipenda kwa ajili ya hayo. Mwisho anamgeukia Yohana wa Ravenna na kujifananisha na mchoraji mwenye sura mbaya aliyechora picha ya mtu mzuri. Anamwambia kwamba anawaonyesha wengine pwani, hali yeye bado anapigwa na mawimbi, na anamwomba amtupie ubao wa sala zake, ausbike asizame.