Joseph Pilates pia alikuwa mpangaji

Kila nikisema natafuta chumba cha kupanga huku Khwisero nifundishe Pilates, jibu ni lile lile: hiyo ni ya Westlands, ya watu wenye vioo ukuta mzima na mashine za bei ya gari. Sawa. Lakini fuata historia ya haya mazoezi uone kama yalianzia kwenye vioo. Yalikulia kambini, yakalelewa kwenye chumba cha kodi. Na kwa maoni yangu, historia hiyo inakufunza kuchagua chumba kuliko video zote za watu kuonyeshana studio.

Joseph Pilates alizaliwa 1883, Mönchengladbach, Ujerumani. Alikuwa mtoto wa kuuguaugua, akaamua kuujenga mwili wake mwenyewe. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914 alikuwa Uingereza, na kwa sababu ni Mjerumani, akafungiwa pamoja na raia wengine wa nchi adui. Kambi moja aliyowekwa ni Knockaloe, Kisiwa cha Man, iliyojaa wanaume zaidi ya 20,000. Humo akaendelea kunoa mazoezi yake na kuwafundisha wenzake. Hakukuwa na muziki, wala taa za rangi. Kulikuwa na sakafu, mwili na pumzi.

Mwaka wa 1926 akahamia Marekani. Yeye na Clara, mwenzake wa maisha na wa kazi, wakafungua studio New York, 939 Eighth Avenue. Sasa hapa ndipo nataka uskize. Jumba hilo lilikuwa na kumbi za kufundishia dansi. Wachezaji dansi ni watu wa magoti kuuma, viuno kukaza, migongo kugoma, na mwili wao ndio ugali wao. Wakaanza kuingia kwa Joseph. Mpaka wakubwa wa dansi kama George Balanchine na Martha Graham wakawa wanamwendea na kumtumia wachezaji wao. Alifariki 1967, na wanafunzi wake wakaisambaza kazi hiyo kote. Kwangu mimi, majirani ndio waliomjenga.

Kwa hivyo swali la kwanza ukiona chumba si "kinapendeza kwa picha?" Uliza: jirani ni nani, na ni nini kinamuuma? Khwisero hatuna Balanchine. Tuna mama anayeinama na jembe tangu alfajiri, jamaa wa boda anayekaa kwenye pikipiki siku nzima barabara ya vumbi na mashimo, fundi cherehani aliyepinda shingo, na wanafunzi wanaocheza mpira. Hao ndio wachezaji dansi wetu. Chumba kilicho karibu na saluni, zahanati au steji kinakuletea watu hao. Kilicho ukuta kwa ukuta na kinu cha posho au fundi wa kuchomelea vyuma, hapana. Pilates ni kazi ya kuhesabu pumzi, na huwezi kuhesabu usichosikia.

Pili, pima. Usikadirie kwa macho. Mkeka mmoja ni kama sentimita 180 kwa 60, na mtu lazima anyooshe mikono bila kumpiga mwenzake. Kile chumba cha futi 10 kwa 10 tunachokijua wote kinabeba watu 2 na mwalimu. Futi 10 kwa 20 kinabeba 4 vizuri. Sasa piga hesabu ya kodi ukigawanya kwa watu 4, si kwa 15 unaowaota. Mashine zinaweza kungoja: kitabu cha Joseph cha 1945 kina mazoezi 34, yote ya mkekani.

Tatu, vyumba vyetu vya sokoni vilijengwa kuuza sukari na sabuni. Mlango wa chuma unaangalia barabara. Ukiufungua, watu wanalala chali miguu juu mbele ya soko zima, na mama wa watu harudi tena. Ukiufunga, ni giza na joto. Tafuta chumba cha nyuma chenye dirisha, au cha ghorofani. Halafu angalia juu. Kama ni mabati bila dari, nenda ukikague jioni ya mvua. Mvua ya Kakamega mnaijua. Ikianza kugonga, utafundisha kwa ishara.

Mwisho ni hili la pesa, ambalo linawaumiza vijana wengi. Unapiga rangi, unaweka dari, unatengeneza sakafu, halafu landilodi anaona chumba kimekuwa kizuri na anakwambia toka Ijumaa. Kenya ina sheria ya kuwalinda wapangaji wa biashara, Sura ya 301, tangu 1965. Ilitungwa kuzuia wafukuzwe au wanyonywe hivi hivi. Kwa sheria hiyo, "duka" ni pamoja na mahali pa kutoa huduma kwa malipo. Yaani studio yako imo. Na hata kama mlikubaliana kwa mdomo tu, umelindwa: akitaka kukutoa au kupandisha kodi, anatakiwa kukupa notisi ya maandishi ya angalau miezi 2, nawe unaweza kuipinga mbele ya baraza la kesi za wapangaji wa biashara. Kwa hivyo weka risiti zote, hata jumbe za M-Pesa, na matengenezo yote mwandikiane kabla fundi hajashika nyundo.

Mwaka wa 2000 mahakama moja ya Marekani iliamua kwamba neno "Pilates" si mali ya mtu. Yeyote anaweza kulitumia, hata wewe wa Khwisero. Jina ni la bure. Chumba ndicho cha kulipia, kwa hivyo akili zote ziweke hapo.