Jopo Kabla ya Kamati: Ushauri wa Kitaalamu kwa Watafiti wa Tiba Eldoret

Mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Moi anayetaka kujaribu njia mpya ya kutibu shinikizo la damu vijijini hupita milango mingi kabla ya kumpima mgonjwa wa kwanza. Kamati ya maadili, ambayo chuo huiendesha pamoja na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH), hulichambua pendekezo lake. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 humtaka awe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kama anajaribu dawa, Bodi ya Famasi na Sumu nayo ina neno lake. Kila mlango una kazi halali, lakini hakuna hata mmoja uliowekwa ili kumsaidia kufikiri. Ndiyo maana kamati ya maadili hujikuta ikibeba kazi hiyo kwa kuchelewa, tena ikiwa na mamlaka ya kukataa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtafiti amepanga kulinganisha zahanati na zahanati, kila moja ikiwa na wagonjwa 50. Watu wa kijiji kimoja hufanana kwa chakula, kipato na mhudumu anayewatibu, kwa hiyo mgonjwa wa hamsini haongezi habari nyingi kama wa kwanza. Mfanano huo ukiwa mdogo tu, tuseme 0.02 katika kipimo cha sifuri hadi moja, idadi ya wagonjwa inayohitajika inakaribia mara mbili ya ile ya jaribio linalomgawa kila mgonjwa peke yake. Mtaalamu wa takwimu huliona jambo hili mara tu anapotazama mpango. Likionekana wakati pendekezo bado ni kurasa mbili, linarekebishika. Likionekana baada ya bajeti kufungwa na mfadhili kutia saini, mtafiti hubaki na njia mbili, na zote ni mbaya: kuomba fedha ambazo hazipo, au kuendelea na jaribio lisiloweza kujibu swali lake. Hiyo ya pili ni kosa la kimaadili pia, kwa kuwa wagonjwa hutoa damu na muda wao bila faida kwa yeyote.

Dawa ya tatizo hili inajulikana. Chuo Kikuu cha Indiana, mshirika wa Eldoret tangu 1989, kimo katika taasisi ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa 2008 pamoja na Purdue na Notre Dame. Taasisi hiyo ina vikundi vya wataalamu wanaokaa na mtafiti wazo lake likiwa bado bichi. Hawatoi kibali wala hawakizuii. Wanauliza, wanapinga, wanaelekeza. Utaratibu huo unafaa kuigwa Eldoret kwa kuunda jopo la ushauri, ila muundo wa jopo hilo lazima utokane na kazi ya hapa.

Jopo la Eldoret likijaa maprofesa watupu litaona nusu ya mambo. Muuguzi wa Turbo au afisa wa kliniki wa Mosoriot anajua kwamba mvua za Machi zikianza, watu huwa shambani wakipanda mahindi, na ifikapo Oktoba na Novemba wako kwenye mavuno. Ratiba inayomwita mgonjwa kliniki katika miezi hiyo itampoteza, na takwimu zitamwita mtoro. Fundi wa maabara naye anajua sampuli inavyoharibika ikichelewa njiani. Maarifa haya hayaandikwi katika vitabu vya mbinu za utafiti, lakini ndiyo yanayoamua kama matokeo ya maabara yatafika zahanati au yataishia kwenye jarida.

Magharibi mwa Kenya kuna ushahidi kwamba kusikiliza mapema kunawezekana. Watafiti wa AMPATH, mpango uliozaliwa 2001 kupambana na Ukimwi, walitumia mabaraza ya kijiji kama chombo cha utafiti, na mbinu hiyo ikaelezwa kitaaluma mwaka 2011. Baadaye likaja jaribio la BIGPIC, lililounganisha matibabu ya shinikizo la damu na kisukari na mikutano ya vikundi na mikopo midogo. Lilitumia mazoea ambayo watu walikuwa nayo tayari, ya kukutana na kuweka akiba pamoja. Wazo la namna hiyo haliwezi kukamilika mezani kwa mtafiti aliye peke yake.

Kuna hatari moja isiyofaa kufichwa. Fedha nyingi za utafiti wa Eldoret hutoka ng'ambo, na ushauri wa mtu aliye karibu na mfadhili husikika kama amri. Kwa hiyo jopo liongozwe na mtu wa Eldoret, ushauri uandikwe, na mtafiti ajibu kwa maandishi alichokubali, alichokataa na kwa nini. Haki ya kukataa ndiyo inayoufanya ushauri uwe ushauri. Wanajopo nao wasiketi katika kamati itakayoamua pendekezo hilohilo, la sivyo mtafiti ataficha mashaka yake mahali hasa anapopaswa kuyaeleza.

Linabaki suala la muda. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho. Saa alizotumia kuokoa utafiti wa mwenzake hazihesabiwi popote. Chuo kiziingize katika mzigo wake wa kazi na katika vigezo vya kupandishwa cheo. Muuguzi anayeacha foleni ya wagonjwa kuja kuketi na jopo alipwe posho sawa na ya profesa aliye kando yake, na jina lake liandikwe miongoni mwa washauri wa utafiti huo.